Namna ya Kuzuru Kanda Myojin, Hekalu la Kishinto Katikati ya Tokyo

Msafiri wa kutoka kwetu anayefika Tokyo kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi aliyepata ufadhili wa masomo au mfanyabiashara anayefuatilia magari na vipuri, aghalabu hupelekwa Akihabara na wenyeji wake ili ajionee maduka ya kompyuta, kamera na michezo ya video. Wachache huambiwa kwamba kutoka pale, kwa mwendo wa miguu usiofika hata dakika kumi, juu ya kilima kilichozibwa na majengo ya ofisi, lipo hekalu la Kishinto, yaani la dini ya jadi ya Wajapani, ambalo historia yake inaanzia mwaka 730, karne nyingi kabla mji huo haujawa makao ya serikali. Jina lake ni Kanda Myojin. Nimelichagua kwa sababu, kati ya mahekalu ya Tokyo, hili ndilo linalomsaidia zaidi mgeni kuuelewa mji wa watu wa kazi: waumini wake tangu zamani ni wenye maduka, mafundi, wauza samaki na makarani wa mitaa 108 inayolizunguka, nao hulijia asubuhi wakiwa njiani kwenda kazini.

Kwa kuwa hapa ni mahali pa ibada kila siku, nashauri ulizuru kwa mpangilio uleule wanaoufuata wenyeji: kuingia langoni, kunawa, kusimama mbele ya ukumbi, na baada ya hapo ndipo kutazama, kununua na kupiga picha. Anayeanza na picha huwa amekwisha kuwakera watu kabla hajajua amewakera kwa lipi, tena huondoka bila kuelewa kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo.

Jifunze kwanza ni nani wanaoabudiwa pale

Ukumbi mkuu ni wa miungu watatu. Wa kwanza ni Onamuchi, anayejulikana na watu wengi kwa jina la Daikoku, ambaye huombwa mambo ya ndoa na neema ya nyumba. Wa pili ni Sukunahikona, ambaye hapa huitwa Ebisu, na wafanyabiashara humtegemea kwa biashara zao. Wa tatu hakuwa mungu wa hadithi za kale bali mtu wa kihistoria, na habari zake zinastahili kusomwa kwa utulivu kabla ya safari.

Huyo ni Taira no Masakado, mpiganaji wa mashariki ya Japani aliyeuasi utawala wa Kyoto, mji wa mfalme wakati huo, akauawa vitani mwaka 940. Husimuliwa kwamba kichwa chake, kilichopelekwa Kyoto na kuwekwa hadharani ili kiwe onyo, kiliruka kurudi mashariki, kikaangukia mahali ambapo leo ni Otemachi, mtaa wa mabenki. Hekalu lenyewe wakati huo lilikuwa jirani na kaburi hilo la kichwa. Maradhi ya kuambukiza yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 14, watu waliamini kwamba ni hasira ya roho yake, na mwaka 1309 wakamtuliza kwa kumpa nafasi miongoni mwa miungu wa hekalu. Tangu hapo mtu aliyekufa akiitwa mwasi akawa mlinzi wa mji.

Mwaka 1600, kabla ya vita vya Sekigahara vya kugombea utawala wa Japani, jemadari Tokugawa Ieyasu aliombewa dua katika hekalu hili, naye akashinda. Aliposhika nchi na kuufanya mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, kuwa makao yake, heshima ya hekalu ilipanda sana. Mwaka 1616 lilihamishiwa kwenye kilima lilipo sasa, kaskazini-mashariki ya ngome yake, kwa sababu upande huo uliaminika kuwa ndiko majanga yanakoingilia, hivyo ulihitaji mlinzi. Baada ya ukoo wa Tokugawa kuanguka na madaraka kurudi kwa mfalme, haikuonekana vyema mtu aliyeuasi utawala wa mfalme aendelee kuabudiwa katika ukumbi mkuu, na mwaka 1874 Masakado akaondolewa na kuwekwa katika kihekalu cha pembeni. Watu wa Kanda hawakumsahau. Alirudishwa ukumbini mwaka 1984, baada ya miaka 110. Anayeijua habari hiyo hatashangaa akiona watu wazima wenye suti na mikoba wakiinama mbele ya ukumbi ule kwa unyenyekevu mkubwa.

Chagua siku na saa

Uwanja wa hekalu hauna kiingilio. Saa nzuri kuliko zote ni asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa mbili na saa nne kwa saa zetu za Kiswahili, watu wakiwa wachache na sauti ya magari ya barabarani ikisikika kwa mbali. Jumamosi na Jumapili huwa na harusi na watoto wanaoletwa kuombewa, jambo linalopendeza kulitazama, ila mgeni hulazimika kusimama mbali zaidi. Katika mwezi wa Novemba utaona watoto wa miaka mitatu, mitano na saba waliovalishwa kimono, kwa kuwa hiyo ndiyo miaka ambayo familia humshukuru mungu kwa ukuaji wa mtoto.

Siku za kwanza za Januari uziepuke ikiwa huna subira ya foleni. Umati wa Mwaka Mpya hujaza uwanja na kumwagika hadi barabarani. Mara ofisi zinapofunguliwa, ambayo kwa kawaida ni tarehe 4 Januari, kampuni huleta wafanyakazi wake kwa makundi, mkurugenzi akiwa mbele, kuombea biashara ya mwaka unaoanza. Kwa mtu anayefanya biashara na Wajapani, siku hiyo ina mafunzo mengi. Kwa anayetaka utulivu, haifai.

Tamasha kuu, Kanda Matsuri, hufanyika katikati ya Mei katika miaka ya witiri. Katika miaka ya shufwa zamu huwa ya tamasha la Sanno la hekalu la Hie. Siku ya Jumamosi maandamano ya miungu huzunguka mitaa ya Kanda, Nihonbashi, Otemachi na Akihabara, na Jumapili vihekalu vya kubebwa mabegani, kila mtaa na cha kwake, hupandishwa hekaluni kimoja baada ya kingine kwa kelele za wabebaji. Zamani maandamano haya yaliruhusiwa kuingia ndani ya ngome ya Edo na kupita mbele ya mtawala. Ukipata nafasi ya kuwa Tokyo wakati huo, panga malazi yako mapema.

Fika kwa njia ya daraja

Kituo ninachokipendekeza ni Ochanomizu, cha treni za JR, shirika la reli la Japani, za mstari wa Chuo na Sobu, na si Akihabara, ingawa Akihabara nako ni karibu. Toka kwa mlango wa Hijiribashi, kisha uvuke daraja la Hijiri. Simama kidogo katikati ya daraja utazame chini: mto Kanda unapita katika bonde lenye miti, na treni za JR zinapita ukingoni huku treni ya Marunouchi, ambayo kwa kawaida huenda chini ya ardhi, ikichomoza nje, ikivuka maji na kuzama tena upande wa pili. Nyuma yako liko kanisa kuu la Kiorthodoksi la Nikolai, lililokamilika mwaka 1891; mbele yako, upande wa kulia, kuna kuta na miti ya Yushima Seido, maabadi ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, iliyokuwa pia chuo cha wasomi wa Edo. Daraja hili lililojengwa mwaka 1927 linaunganisha sehemu hizo mbili, na Kanda Myojin iko mbele kidogo tu. Sijui mahali pengine Tokyo ambapo mtu huona nyumba za dini tatu namna hiyo kwa mwendo wa dakika chache.

Ukimaliza daraja, endelea ukiwa na ukuta wa Yushima Seido upande wako wa kulia, kisha fuata barabara kuu mpaka uone lango la torii limesimama kati ya maduka, upande wa pili wa barabara. Hapo ndipo ziara inapoanza.

Ingia langoni kwa adabu

Torii ni nguzo mbili zilizounganishwa juu kwa maboriti mawili. Halina mlango wala komeo, lakini kwa Wajapani linatenga nje na ndani. Kabla ya kupita chini yake, simama, inamisha kichwa mara moja, kisha pita kando, kushoto au kulia, kwa sababu katikati ya njia huachiwa mungu. Wanaume huvua kofia. Mtandio wa mwanamke ni vazi lake, wala hapana anayetarajia auvue. Sigara, chakula cha mkononi na mazungumzo ya simu huachwa nje.

Wajapani wenyewe hushika mwiko wa kutoingia hekaluni kwa siku 50 baada ya kufiwa na mtu wa karibu, kwa kuwa mauti huhesabiwa kuwa jambo la kutengwa na mahali patakatifu. Mgeni hataulizwa habari hiyo, lakini mwenyeji wako akikwambia atakusubiri nje, usimlazimishe.

Kupanda kidogo kutoka torii kunakupeleka kwenye lango la pili, Zuishinmon, lenye ghorofa mbili na rangi nyekundu inayowaka. Hili lilijengwa upya mwaka 1975 kwa mbao za hinoki, mti wa Kijapani, na ni vibaya kulipita mbiombio. Pande zote mbili, nyuma ya wavu, wamekaa walinzi wawili wenye pinde na mishale. Inua macho uangalie nakshi zilizo juu: kuna joka, ndege, simbamarara na kobe, viumbe wanaolinda pande nne za dunia, wamechongwa kwa ustadi wa kiasi kwamba magamba ya joka yanahesabika. Ukishapita, geuka uangalie upande wa ndani, ambako zimechongwa hadithi za mungu Daikoku. Wageni wengi huukosa upande huo kwa sababu huwa wameshaanza kukimbilia ukumbini.

Nawa

Banda la kunawia lina birika la maji na kata zenye mpini mrefu. Shika kata kwa mkono wa kulia, uijaze maji, umwagie mkono wa kushoto. Hamishia kata kushoto, umwagie mkono wa kulia. Irudishe kulia, jimiminie maji kidogo katika kiganja cha kushoto, usukutue nayo kinywa, na uyateme polepole chini, kando ya birika, usiyarudishe ndani. Mwagia tena mkono wa kushoto, kisha simamisha kata wima ili maji yaliyobaki yateremke na kuosha mpini kwa ajili ya atakayekuja baada yako. Yote hayo hufanywa kwa maji ya kata moja, hivyo yapime. Midomo isiguse kata kamwe. Tangu janga la korona mahekalu mengi yameondoa kata na kuacha maji yatiririke kwenye mfereji. Ukikuta hivyo, kinga mikono tu, na kusukutua unaweza kukuacha.

Msomaji Mwislamu ataona jambo linalokaribiana na udhu, na wenyeji huridhika kumwona mgeni akinawa kwa makini. Vitambaa vya kujifutia havitolewi, kwa hiyo chukua leso.

Mbele ya ukumbi

Ukumbi mkuu unaonekana kama wa mbao, lakini sivyo. Ule wa zamani uliteketea katika tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923, na ulipojengwa upya, kazi ikakamilika mwaka 1934, wasanifu walitumia chuma na zege na kuupaka utomvu wa laka juu yake, jambo lililokuwa geni kwa hekalu wakati ule. Uamuzi huo uliuokoa: mabomu ya mwaka 1945 yaliunguza mitaa ya jirani, ukumbi ukabaki umesimama. Karibia moja ya nguzo uitazame rangi yake nyekundu, jinsi inavyong'aa kwa kina kama maji, na kingo za dhahabu zilivyowekwa juu ya mihimili. Kwa hesabu za Japani ukumbi huu si mkongwe, lakini miongoni mwa majengo ya Tokyo yaliyonusurika na moto ule una thamani ya pekee.

Wanaoabudu hujipanga mbele ya sanduku la sadaka. Utaratibu ni huu: tumbukiza sarafu kwa upole, usiirushe, inama mara mbili hadi kiuno, kutanisha viganja usawa wa kifua, upige makofi mawili, omba kimya ukiwa umefumbata mikono, halafu inama mara moja na uondoke ukipita kando. Kiasi cha sarafu hakina sheria, na wengi hupendelea ile ya yeni 5 yenye tundu katikati. Usikae muda mrefu ikiwa kuna watu nyuma yako.

Je, mtu wa dini nyingine afanye hivyo? Hapa nasema bila kusitasita kwamba halazimiki. Shinto haina shahada ya imani ambayo mtu huitamka mlangoni, na hapana kuhani atakayekuja kukuhoji. Mkristo au Mwislamu ambaye dhamiri yake haimruhusu kuabudu asimame kando ya ngazi, nje ya mstari, akiwa ametulia na mikono yake imeshuka, awaachie wengine nafasi. Hiyo ni heshima kamili na hutambuliwa hivyo. Lisilofaa ni kuigiza ibada kwa ajili ya picha, huku wenzako wakicheka. Afadhali usifanye kabisa.

Kamera isielekezwe ndani ya ukumbi, hasa ngoma inapolia na kuhani akiwa anasoma dua. Walioketi ndani ni watu waliolipia maombi maalumu, pengine kwa ajili ya mgonjwa au kampuni inayoyumba. Kulipiga picha jengo kwa nje hakuna tatizo.

Hirizi, vibao na ramli

Baada ya hapo uko huru kuzunguka. Kwenye dirisha la hirizi utakuta vifuko vidogo vya kitambaa vya afya, mitihani, uzazi, biashara na usalama barabarani. Kwa kuwa Akihabara iko chini ya kilima, hapa kuna pia hirizi ya kulinda kompyuta na simu dhidi ya hitilafu na upotevu wa taarifa, ambayo wahandisi na kampuni za teknolojia huinunua kwa dhati kabisa. Hirizi huwa za yeni mia kadhaa hadi elfu na ushee. Kifuko hakifunguliwi, na baada ya mwaka mmoja hurudishwa hekaluni ili kichomwe kwa heshima. Aliye mbali akitunze mahali safi tu.

Vibao vya mbao huandikwa ombi kwa mkono na kutundikwa kwenye fremu. Vya hapa vinavutia kwa sababu vijana wanaopenda katuni huchora wahusika wao kwa ustadi mkubwa, na mchoro wa aina hiyo hukaa ubavuni mwa ombi la mzazi anayetaka mtoto wake apone. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Usipige picha ya karibu ya kibao chenye jina na anwani ya mtu.

Anayetaka kupiga ramli huchukua karatasi iliyokunjwa, na ikisomeka vibaya huifunga kwenye nyuzi zilizowekwa kwa kazi hiyo ili balaa libaki pale. Usiifunge kwenye tawi la mti, maana huumiza miti.

Usiondoke kabla hujaiona sanamu ya jiwe ya Daikoku, yenye kimo cha mita 6.6 na uzito wa tani 30 hivi, akiwa na nyundo yake ya neema, na ile ya Ebisu aliye juu ya mawimbi pamoja na samaki. Mimi hupendelea zaidi rundo la mawe ambalo juu yake amesimama simba mzazi akimtazama mtoto aliyemwangusha bondeni, kwa imani kwamba atakayeweza kupanda tena ndiye atakayelelewa. Wengi hulipita bila kuliona. Vyoo na mahali pa kupumzika vimo katika ukumbi wa EDOCCO, uliofunguliwa Desemba 2018 ndani ya uwanja huohuo.

Ondoka kwa ngazi za upande wa Akihabara

Ukitoka kwa njia uliyoingilia, geuka langoni uinamishe kichwa tena. Kando ya torii lipo duka la Amanoya, linalofanya kazi tangu mwaka 1846, ambalo huuza amazake, kinywaji kizito kiasi, kitamu bila sukari, kinachomkumbusha mtu uji wa mchele. Chake hutengenezwa kwa kimea cha mchele kinachooteshwa katika vyumba vya chini ya ardhi, na hakileweshi. Mahali pengine amazake hutokana na mashapo ya pombe ya sake, kwa hiyo asiyetumia kilevi aulize kwanza.

Njia ya pili ni ngazi za mawe zinazoitwa Otokozaka, zinazoshuka kwa ukali kuelekea Akihabara. Zilichangwa na vikosi vya wazima moto wa mitaa ya Edo katika miaka ya 1830, wakati kilima hiki kikiwa mahali pa kutazamia mwezi na pia moto unaozuka mjini. Zina mteremko mkali na huteleza mvua ikinyesha. Mwenye magoti mabaya au mtoto mchanga apite njia ya torii.

Ikiwa bado una saa moja, rudi Ochanomizu upande treni ya Marunouchi, uteremke kituo cha pili, Otemachi, na kutokea mlango wa C5. Kati ya minara ya mabenki utaona kiwanja kidogo chenye jiwe la kumbukumbu na maua mabichi: ndilo kaburi la kichwa cha Masakado, mahali hekalu lilipoanzia. Kiwanja kilikarabatiwa na kazi ikakamilika mwaka 2021. Wafanyakazi wa ofisi za jirani hupita pale wakati wa chakula cha mchana, huinama na kurudi kazini, kwa hiyo simama pembeni, ongea kwa sauti ya chini, na usiguse wala kukaa juu ya jiwe lolote.